Mwalimu Nguchiro na Neno Gumu

Paukwa!

"Pakawa!"

Nyie, hiyo pakawa gani, ya wenye mafua? Nimeacha maharage yangu jikoni nije kuwasimulia. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, hapo afadhali. Na wewe acha kuchokonoa moto, cheche zitatuchoma. Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walivaa sare na kupanga mstari asubuhi wakaguliwe kucha, palikuwa na shule juu ya mteremko. Darasa lilikuwa moja tu, la miti na udongo. Nyuma yake palikuwa na korongo, lile shimo refu linalochimbwa na maji ya mvua. Kutoka ukingo wa korongo hadi ukuta wa darasa zilikuwa hatua thelathini.

Mwalimu wa shule hiyo alikuwa Nguchiro. Mnamjua nguchiro, hatulii. Mama yule alifundisha akitembea, alisahihisha akitembea, hata ugali aliula amesimama mlangoni, jicho moja nje na jicho moja ndani. Na msimu huo alikuwa na sababu. Barua ilikuwa imefika kwamba mkaguzi atakuja masika, na wanafunzi wote wajue maneno magumu ya sayansi. Wasipoyajua, mwalimu atahamishwa. Nguchiro alikuwa amezikandika kuta zile kwa mikono yake mwenyewe, tope kwa tope. Aliipenda ile shule kuliko nyumba yake. Kila alipoikumbuka ile barua, aliongeza mwendo.

Basi akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MMOMONYOKO.

"Semeni!"

"Mmomonyoko!"

"Tena!"

"Mmomonyoko!"

"Tena, nyie, mbona mnanong'ona!"

"Mmomonyokooo!"

"Mmomonyoko ni nini?"

Akawasomea maana, nao wakaifuata kwa wimbo, wakitikisa vichwa: "Mmomonyoko ni hali ya udongo wa juu kuondolewa na maji, upepo, au shughuli za viumbe!"

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, Mwalimu!"

Hiyo "ndiyo" naijua mimi, wajukuu zangu. Inatoka mdomoni kabla swali halijaisha. Ungewauliza kama wamemeza ubao wangekujibu ndiyo, Mwalimu.

Aliyeongoza kwa kusema alikuwa Chiriku, wa benchi la mbele. Yeye angeweza kuisema ile maana akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akiwa amefumba macho, hata akiwa na punje mdomoni. Benchi la nyuma alikaa binti mmoja mpole, Kakakuona, na ulimi wake ulikuwa mzito.

"Kakakuona! Mmomonyoko ni nini?"

"Mmo... mmomo... ni hali ya..."

Darasa zima likacheka. Kakakuona akajikunja, akawa duara la magamba.

"Toka nje ukang'oe nyasi!" akafoka Mwalimu Nguchiro. "Nyuma ya darasa, mpaka pawe peupe pee!"

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya shule ile. Aliyechelewa, nyasi. Aliyesahau daftari, nyasi. Aliyeshindwa neno, nyasi. Na kila asubuhi kabla ya kuhesabu namba mstarini, wanafunzi walifagia uwanja kwa mafagio ya chelewa, wakakwangua mpaka ardhi ikang'aa. Wazazi waliopita njiani walisifu. "Shule hii ina nidhamu," walisema. "Huoni hata unyasi mmoja!"

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kakakuona akatoka kwenda kwenye adhabu yake, na alipofika nyuma ya darasa akashangaa. Jana alikuwa ameng'oa nyasi mahali fulani, na leo mahali pale hapapo. Alipima kwa hatua zake. Kutoka ukingo wa korongo hadi ukutani zilibaki hatua kumi.

Akarudi mbio. "Mwalimu! Mwalimu, kule nyuma udongo unakwenda!"

Nguchiro alikuwa anazunguka meza, karatasi mkononi, moyo juu juu. "Nimekuuliza habari za udongo mimi? Nimekuuliza mmomonyoko! Unaujua?"

"Hapana, Mwalimu."

"Rudi nje!"

Mvua ya pili ikanyesha, na msiniulize ilinyesha vipi, maana hata mimi nikiikumbuka siwezi kukaa kitako. Maji yalishuka uwanjani bila kizuizi, yakiteleza juu ya ile ardhi iliyofagiliwa kama mafuta kwenye kikaango. Kakakuona akapima tena. Zilibaki hatua tatu.

"Mwalimu, naomba ukatazame..."

"Mkaguzi anafika kesho na wewe hujui neno! Unataka nihamishwe? Nyasi!"

Kakakuona akatoka, akatazama huku na huku. Hapakuwa na nyasi tena za kung'oa. Binti wa watu akasimama kwenye manyunyu, akalia. Hakulilia adhabu. Aliogopa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Kesho yake mbingu ilikuwa nzito, na Mkaguzi Kongoni akaingia darasani na uso wake mrefu na daftari lake kwapani.

"Shikamoo, mheshimiwa mkaguzi!"

"Marahaba. Kaeni." Akatazama ubaoni. "Mmomonyoko ni nini?"

Wee! Darasa lililipuka. Walisema kwa pamoja, hakuna aliyetangulia, hakuna aliyebaki, na hata Kakakuona alifungua mdomo na kuufunga pamoja nao. Mwalimu Nguchiro alikuwa mlangoni, mkia ukicheza, akasikia mzigo wa miezi miwili unashuka mabegani. Nje mvua ilikuwa imeanza.

"Vizuri sana," akasema Kongoni. "Sasa nionyesheni."

Wakamkodolea macho.

"Nionyesheni mmomonyoko. Uko wapi?"

Wanafunzi wakatazamana. Mmoja akachungulia chini ya benchi. Mwingine akafungua kabati la chaki, akalifunga. Mwishowe Chiriku, maana Chiriku hawezi kunyamaza, akainua ubawa.

"Mheshimiwa, haujaletwa bado. Unatoka wilayani, pamoja na vitabu."

Msicheke! Mtoto hakuwa na kosa. Kongoni naye hakucheka, alimgeukia mwalimu. Nguchiro akaipekua ile karatasi yake ya maneno ishirini, juu na chini.

Ndipo benchi la nyuma ukaonekana mkono mmoja wenye kucha ndefu.

"Mheshimiwa, neno mimi silijui vizuri," akasema Kakakuona. "Lakini kama ni udongo kuondoka, upo. Uko hapo nyuma. Nimeuona kwa siku nyingi."

"Kaa chini!" Nguchiro akanong'ona kwa ukali.

"Mwache," akasema Kongoni. "Tupeleke, binti. Wote twendeni, na wewe Mwalimu."

"Mvua inanyesha, mheshimiwa, watoto watalowa..."

"Watakauka."

Wakatoka wote, vitabu vichwani, wakizunguka darasa kwa mstari. Kakakuona akawasimamisha kwa mbali, kwenye mwamba. "Msiende zaidi ya hapa," akawaambia. "Pale ndipo nilipong'oa wiki ile. Pale wiki iliyofuata. Na pale ndipo niliposimama jana, lakini jana yenyewe imeshakwenda."

Mwalimu Nguchiro akatazama. Kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze, miguu yake ilitulia. Aliyaona maji mekundu yakishuka kutoka kwenye uwanja wake msafi, yakaingia chini ya ukuta wake, yakatokea upande wa pili na donge la udongo. Akaona hatua tatu zimekuwa moja. Akaona hiyo moja nayo ina ufa.

"Mungu wangu," akasema. "Ni mimi."

Hakumaliza. Ardhi ilitoa sauti nzito, ikanyamaza, halafu ukuta wa nyuma ukainama. Ukafuatwa na paa, na mabenchi, na kabati la chaki. Ubao ndio uliokwenda mwisho, na neno lilikuwa bado linasomeka. Vyote vikashuka korongoni, na mvua ikaendelea kunyesha kama hapakuwahi kuwa na kitu.

Nguchiro akaanza kuhesabu watoto. Akamgusa mmoja mmoja kichwani. Ishirini na wawili. Hakuamini, akahesabu tena, ishirini na wawili. Akahesabu mara ya tatu, na wote walikuwepo. Kama mkaguzi angeridhika na ule wimbo na kuwaambia waimbe neno la pili, wangekuwa ndani. Kila mmoja wao alilijua hilo.

Mwalimu akapiga magoti kwenye tope mbele ya Kakakuona. Watoto wakashtuka, hawakuwahi kuona jambo kama hilo. "Mwanangu, ulikuja kuniambia, nikakufukuza. Ukaja tena, nikakufukuza tena. Nisamehe."

Mtoto anajibuje mwalimu wake akimpigia magoti? Kakakuona akajikunja nusu, kisha akakunjuka.

Mkaguzi Kongoni akafungua daftari lililolowa. "Mwalimu, inanibidi niandike kitu. Wanafunzi wako wanaujua mmomonyoko, au hawaujui?"

Nguchiro alijua kwamba jibu lake linaweza kumhamisha. Alijua pia kwamba shule aliyoogopa kuhamishwa haipo tena.

"Andika kwamba mmoja alikuwa anaujua," akasema, "na ndiye niliyekuwa namwadhibu."

Kongoni akaandika. Kisha akaifunga kalamu yake, akauliza kama kuna mahali pa juu zaidi, penye majani, ambapo watoto wangeweza kukaa mvua ikipita. Mwalimu Nguchiro hakujua. Akamgeukia Kakakuona, na Kakakuona akatangulia njia, na mwalimu akafuata nyuma yake, polepole, akikanyaga pale tu binti alipokanyaga.

Basi, hadithi yangu imekomea hapo. Sogezeni hizo kuni, nami nikatazame maharage.