Taarifa ya Ijumaa Jioni

Wapendwa, fungeni kwanza vitabu vyenu vya nyimbo mnisikilize.

Kulikuwa na bwana mmoja, msemaji wa kiwanda cha unga wa uji. Tumpe jina, tumwite Lwitiko. Kiwanda kikiwa na neno la kuwaambia watu, yeye ndiye aliyeliandika na kulituma kwenye magazeti na redio. Lakini kilichompa sifa hasa hakikuwa kuandika. Wako wengi wanaojua kuandika. Lwitiko alijua wakati wa kutuma.

Kiwanda kikijenga darasa kwenye shule fulani, taarifa inatoka Jumanne asubuhi, wahariri ndiyo kwanza wanakaa kikaoni na hawana la kuweka ukurasa wa mbele. Kesho yake picha ya meneja na watoto wa shule imeenea nchi nzima. Kukiwa na jambo la aibu, wafanyakazi wamepunguzwa labda, taarifa inatoka Ijumaa jioni, waandishi wameshazima kompyuta zao na kila mtu anawaza mpira wa Jumamosi. Hakuna aliyeweza kusema kiwanda kimeficha. Kimetangaza! Ila hakuna aliyesikia.

Huyu Lwitiko alikuwa pia mzee wa kanisa. Msishangae.

Basi Jumanne moja mkaguzi wa ubora akaingia ofisini kwa meneja bila hata kupiga hodi. Dawa ya kuulia wadudu wa ghalani ilikuwa imemwagika ikaingia kwenye unga. Unga wenyewe ulishafungwa kwenye mifuko, na baadhi ya mifuko ilishafika madukani. Meneja akamwita Lwitiko. Na huyu meneja, nimtetee kidogo, hakungoja hata Lwitiko aketi.

"Andika sasa hivi," akasema. "Watu wasiutumie huo unga. Waumwage."

Lwitiko akaandika. Taarifa fupi, ya kweli, isiyozungukazunguka. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa mezani kwa meneja.

"Nzuri. Itume."

"Mzee, naomba tusiitume leo."

"Kwa nini tena?"

"Leo waandishi hawana habari. Tukiitoa sasa, jioni sisi ndio tutakuwa habari ya kwanza kwenye kila redio, na kesho tuko magazeti yote. Jina la kiwanda tutakuwa tumelizika wenyewe. Jumamosi watani wa jadi wanacheza. Tuitoe Ijumaa jioni, itapita kimyakimya."

"Na wanaokula huo unga?"

"Mifuko iliyotoka ni michache, mzee. Maduka makubwa tumeshayapigia simu. Tuvumilie siku chache tu."

Meneja akamrudishia karatasi yake. Akasema, "Haya. Mambo hayo unayajua wewe."

Niwaulize, hapo uongo uko wapi? Nitafutieni. Kila neno kwenye ile karatasi lilikuwa kweli. Ungempeleka Lwitiko mahakamani ungemshitaki kwa neno lipi?

Ijumaa jioni akaituma. Ikawa kama alivyosema. Redio zilikuwa na wachambuzi wa mpira, hazikuisoma. Gazeti moja liliweka mistari miwili, chini kabisa, pembeni mwa matangazo ya zabuni. Meneja akampigia simu: "Lwitiko, umetuokoa." Lwitiko akalala usingizi mzuri, na Jumapili akavaa suti yake akaenda kanisani.

Wakati wa matangazo, katibu wa usharika akasimama. "Familia ya Baba Sekela, fundi wetu wa baiskeli, imeondokewa na mtoto. Wamezika jana. Wazee wa kanisa wote, baada ya ibada tuelekee huko tukawafariji."

Lwitiko akaenda na wenzake. Walikuta turubai limefungwa uani, wanaume wamekaa kwenye viti, wanawake wako ndani. Akampa mkono Baba Sekela, akaketi karibu naye, akauliza kama mtu yeyote anavyouliza msibani:

"Pole sana, baba. Mtoto aliugua nini?"

"Hatujui, mzee. Alikuwa mzima, ndiyo kwanza anaanza kutembea. Jumatano asubuhi alikunywa uji, baada ya muda mfupi akaanza kutapika. Alhamisi akatuacha. Hospitali walituuliza kala nini. Tukasema uji tu, kama siku zote."

Lwitiko akasogeza kiti chake karibu zaidi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Uji wa unga gani?"

"Si ule wa kwenu! Mke wangu hampi mtoto unga mwingine. Alikuwa anajinyima mwenyewe ili mtoto apate ule mzuri." Baba Sekela akainamisha kichwa. "Sasa dada zangu wanasema hakuosha sufuria. Wanasema ameniulia mtoto kwa uchafu. Tangu tulipozika hajasema neno."

Mnaona? Yule baba hakuwa anamlaumu Lwitiko. Alikuwa anamsifia unga!

Muda huohuo mwenyekiti wa wazee akasema, "Mzee Lwitiko, hebu simama utuongoze kwa sala, familia ifarijike."

Akasimama. Watu wakavua kofia, wakafumba macho. Na ndani yake, wapendwa, akili ikaanza kazi ileile inayoijua. Si leo. Leo watu wamejaa. Ngoja matanga yaishe. Nitarudi peke yangu, kwa utulivu. Au nije na meneja, na rambirambi ya maana, tulizungumze kiutu uzima. Mtoto wa watu yuko kaburini, na akili yake imeshaanza kumtafutia Ijumaa nyingine!

Akasema, "Ee Mungu Baba..." Akaishia hapo. Watu wakadhani ni majonzi. Mwingine akaitikia, "Amina, Bwana."

Lwitiko akafumbua macho. "Baba Sekela," akasema, "ule unga ulikuwa na dawa ya wadudu."

Vichwa vikainuka kimoja kimoja.

"Nani kakwambia?"

"Sisi wenyewe kiwandani tulijua. Tulitangaza... tulitangaza Ijumaa."

"Ijumaa nilikuwa natafuta mbao za jeneza." Baba Sekela akasogea karibu. "Sijakuuliza mlitangaza lini. Mlijua lini?"

"Jumanne."

Baba Sekela hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Jumanne jioni redio ilikuwa inawaka hapa," akasema. "Mimi nabandika tairi, Mama Sekela kampakata mtoto pale mlangoni. Tulisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Mpaka hali ya hewa. Hakuna aliyetuambia kitu."

Vijana wawili wakainuka kwenye viti. Baba Sekela akawazuia kwa mkono.

"Mwacheni. Mimi sitaki neno lingine kutoka kwako, mzee. Ingia mle ndani. Kamwambie mama yake. Mwambie mbele ya hao wanaosema hakuosha sufuria, na useme kwa sauti, wasikie wote."

Lwitiko akavua viatu, akaingia. Alimkuta Mama Sekela amekaa mkekani upande wake peke yake, wanawake wengine wote wamekaa upande wa pili. Katikati nafasi tupu. Mtu aliyezoea kusema na nchi nzima alianza mara mbili akashindwa, mara ya tatu ndipo akasema yote, kuanzia Jumanne. Mama Sekela hakumtazama hata mara moja. Aliwatazama wale wanawake.

Basi. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Nawaona mmemkasirikia Lwitiko. Mna haki. Lakini sisi je? Sisi hatuna kiwanda wala hatuwajui waandishi wa habari, na kalenda yake tunayo mifukoni. Kuna baba hapa amepokea majibu ya damu yake, anakula na mkewe meza moja, analala naye kitanda kimoja, anangoja sikukuu ipite. Kuna mama anajua ni mjomba gani anayemharibu mtoto wa jirani, anangoja harusi ya ukoo iishe kwanza, watu wasigombane. Kuna tuliomsingizia mwenzetu kazini, akafukuzwa, na tumejua siku nyingi kwamba hakufanya, tunangoja bosi awe na furaha. Tukiulizwa tunasema, "Nitamwambia, natafuta tu wakati mzuri." Wakati mzuri kwa nani?

Tunajidanganya kwamba tunamhurumia yule atakayesikia. Si kweli. Tunajihurumia wenyewe. Yeye anakunywa uji, sisi tunalinda jina. Na aibu kubwa, wapendwa, ni kwamba hatujasema uongo wowote. Tunaweza kusimama hapa mbele tukaapa, na kila neno likawa kweli, na mtoto akawa amekufa.

Kwa hiyo leo sitafunga ibada kwa sala. Najua tukifumba macho, wengi wetu tutapata pa kujificha. Nitakaa chini sasa hivi, na wala msinitazame mimi. Mwenye neno lake na aliye naye benchi moja, amshike mkono watoke nje. Ambaye mtu wake yuko nyumbani, aende nyumbani. Sadaka tutaitoa wiki ijayo.

Nendeni. Mbona mmekaa?