Tawi Lililowekewa Jiwe

Wasimulizi wamelipokea hili kutoka kwa wasimulizi, na ukweli wake kamili anao Mola peke yake, kwamba katika mji wa Zamharia, uliokaa bondeni chini ya mlima usiovua theluji, alitawala Sultani Mundhiri bin Ghayathi, na watu wa mji ule waliishi kwa mitende. Tende ndizo zilizokuwa chakula chao na biashara yao na hata heshima yao, na kijana hakuhesabiwa mtu mpaka akwee mtende na kuupogoa makuti ya chini, shina libaki safi na limenyooka. Kuti likiachwa liguse udongo, ilikuwa aibu ya nyumba nzima, kama mtu kwenda msikitini na kanzu ya tope.

Sultani alikuwa na binti mmoja, jina lake Durra, na huyu Durra alikuwa na maradhi yasiyo na dawa, nayo ni kuuliza. Kwa nini maji ya chemchemi ni baridi, kwa nini ngamia hutafuna na hali hana kitu kinywani, mwezi ukipungua unakwenda wapi. Mlezi wake, Bi Ruwaida, alimwambia, "Mwanangu, iko siku utauliza swali likujibu." Na siku hiyo ikaja.

Kiangazi kimoja alipanda mlimani pamoja na baba yake na watumishi, wakafika mahali ambapo miti mingine yote imekwisha kata tamaa, na hapo wakaona mti mmoja umesimama peke yake katikati ya mawe. Ulikuwa msonobari wa theluji. Majani yake ni sindano, tena zimeota moja moja, si kwa vichala kama misonobari mingine, na Durra alipoviringisha sindano moja kati ya vidole akahisi pembe zake nne. Matunda yake magumu ya magamba yalining'inia vichwa chini. Na matawi yameanguka mpaka chini, tabaka juu ya tabaka, hata shina halionekani kabisa.

Durra akamwita Tamimu, kijana mkwezi wa mitende ya Sultani. "Upogoe. Nataka kuona shina."

"Bibi, mti huu hatuujui," akasema Tamimu.

"Ndiyo maana nataka kuujua."

Basi Tamimu akatia shoka, naye alikuwa fundi, matawi ya chini yakaanguka yote isipokuwa moja la upande wa kaskazini. Alipoinua shoka kwa hilo, ardhi ikatikisika na kutoka kwenye shina likatokea jinni, ndevu zake nyeupe za barafu, na macho yake rangi ya utomvu.

"Ewe binti wa Sultani," likasema, "mimi ni Shamardali, niliyefungwa na wafalme waliokwisha kuwa vumbi niulinde mti huu. Umeuvua nguo zake mbele za watu kwa kutaka kuujua undani wake. Vyema, ingia uujue. Hutatoka mpaka mti huu upate mwana asiyetokana na mbegu. Na tawi hili lililobaki likikauka, hutatoka milele."

Sultani akavua kilemba akakitupa chini, akatoa nusu ya ufalme, na Shamardali likasema halina matumizi ya nusu ya ufalme. Durra akavutwa ndani ya gome kama maji yanavyovutwa na mchanga.

Sasa watu wa Zamharia walifikiri bibi yao amekufa nusu, ila yeye mwenyewe, baada ya kulia kilio chake chote, alianza kuuliza. Aliona mizizi haikwenda chini sana bali imetandaa kama mkeka juu ya mwamba, akaelewa kwa nini mti huu hujishikilia kwa upana na si kwa kina. Majira ya baridi utomvu ulilala, naye akalala. Mwisho wa baridi machipukizi yalivua vikofia vyao vya hudhurungi, na ncha laini za kijani kibichi zikatoka. Akaona matunda machanga yamesimama wima, mekundu, yakingoja vumbi la manjano liletwe na upepo, na yakishalipata huinamisha vichwa. Kila kiangazi mti ulijizungushia pete moja mwilini, nyembamba mno, maana huko juu kiangazi ni kifupi kama usingizi wa mchana. Na kwa sababu hiyo hiyo mbegu hazikuiva. Nyingi zilikuwa maganda matupu. Durra akajiuliza, na swali hilo ndilo lililomshika: kama mbegu haziivi, mti huu unaendeleaje kuwako?

Huko nje Tamimu hakuwa na amani. Shoka lilikuwa lake, mkono ulikuwa wake. Kila theluji ilipoyeyuka alipanda mlimani peke yake kumtumikia bibi yake kwa namna aliyoijua. Mtende huzaa bila mbegu, huchipuza watoto miguuni pa shina. Basi kila mwaka Tamimu alichimbua miguuni pa mti akitafuta chipukizi, asilipate. Kisha lile tawi moja, ambalo theluji ililikandamiza mpaka chini, alilinyanyua, akalipangusa tope kwa kitambaa chake mwenyewe, na akaliegemeza juu ya panda, gongo lenye ncha mbili, kama watu wanavyotegemeza vichala vizito vya tende. Akakaa akiuangalia mti mpaka jua likashuka.

Masikini Tamimu, na masikini Durra. Maana yeye huko ndani, chini ya theluji, alikuwa amehisi kitu. Mahali tawi lilipogusa udongo palianza kumwasha, kisha paliotesha kiuzi cheupe, na kiuzi kikanywa maji. Ni mzizi! Durra akapata jibu lake: mti huu huzaa kwa kulala chini. Theluji hulaza tawi, udongo hulifunika, tawi huota miguu yake lenyewe na kuinua kichwa. Na yeye ndiye aliyeamuru matawi yale yakatwe. Kabla hajamaliza kufurahi na kujuta, Tamimu alifika, akalinyanyua tawi kwa adabu zote, na kile kiuzi kikakatika. Durra akapiga kelele, hakuna aliyesikia. Mwaka uliofuata ikawa vile vile, na tawi likaanza kupukutisha sindano, na Durra akashikwa na hofu ya kweli.

Palikuwa na ndege mwekundu mwenye mdomo uliopishana kama mkasi, aliyekuja kubanjua matunda ya magamba. Ndege huyu alijua kusema, na kwa bahati mbaya alijua pia kujisifu. Durra akamwambia kutoka ndani, "Ndugu ndege, nipelekee neno kwa yule kijana. Mwambie alilaze tawi chini, alifunike udongo, aliwekee jiwe."

"Na mimi nitapata nini?"

"Unakula kwangu tangu lini? Kodi umelipa?"

Ndege akaona haya, jambo la nadra kwa ndege, akaruka mpaka begani kwa Tamimu na kumpa neno lote.

Tamimu akalitazama tawi. Kulitia tawi la bibi yake topeni, tena kuligandamiza kwa jiwe? Hata mtende wa adui hakuwahi kuutendea hivyo. Akasema, "Wewe ndege, nitajuaje kama hukutumwa na shetani? Mwambie anipe neno la siku ile."

Ndege akaenda akarudi. "Anasema: ndiyo maana nataka kuujua."

Tamimu akalia machozi mengi. Akaiondoa panda, akalilaza tawi, akalifukia kwa udongo wenye sindano zilizooza, akaweka jiwe juu yake, na ncha akaiacha nje.

Habari haikukaa. Wachunga mbuzi waliona, wakasema, na Sultani akasikia kwamba mkwezi wake amemzika binti yake nusu na kumwekea jiwe. Tamimu akatiwa gerezani. "Bwana wangu," akasema, "shingo yangu ni yako. Jiwe lile usiliondoe upesi." Sultani alitaka kupanda siku ile ile, ila theluji ikaziba njia, na mwaka uliofuata huzuni ikamlaza kitandani kwa homa. Alipopona akapanda na mshika upanga, na Tamimu mbele yake amefungwa kamba.

Durra alimhisi baba yake kabla hajamwona. Alihisi jiwe linaondoka, kisha mkono wenye pete unashika tawi, na viuzi vyake vyote huko chini, vyembamba kama nywele, vikajikaza. Sultani akavuta. Tawi halikuja. Akashangaa, akapiga magoti na kufukua kwa vidole vyake vya kifalme, akaona mizizi myeupe imeshika udongo, na ncha ya tawi imegeuka kutazama juu, imekuwa mti mdogo. Akashika tena avute, kuhakikisha.

"Baba, taratibu," ikasema sauti kwenye gome. "Unamuumiza mtoto."

Na Durra akatoka, nywele zake zinanukia utomvu, amekuwa mwanamke mzima. Sultani akamkumbatia akilia waziwazi mbele ya mshika upanga wake. Shamardali likatokea, minyororo yake ikaanguka, likasema, "Nami nilifungwa mpaka mwanadamu auelewe mti huu." Likawafungulia pango la fedha lililokuwa chini ya mwamba, kisha likaondoka na upepo wa kaskazini.

Sultani akamfungua Tamimu kwa mkono wake, akamwambia achague. Tamimu akamtazama Durra.

"Nina swali," Durra akasema. "Kwa nini ulikuja kila mwaka?"

"Mwanzo ni kwa hatia, bibi. Baadaye sijui."

"Jibu la pili nalipenda zaidi."

Wakaozwa kwa harusi iliyolisha bonde zima, na kwa fedha ya pangoni wakajenga mifereji, na amri ikatoka kwamba misonobari ya mlimani iachwe na nguo zake mpaka chini.

Miaka mingi baadaye, Durra akiwa mwenye mvi, tufani ikauangusha mti ule wa kale. Mji mzima ukapanda mlimani kuomboleza, wanawake wamejifunga kaniki. Durra akapita katikati yao, akaenda kwa yule mwana wa mti aliyekuwa sasa mrefu kuliko mtu, na kando yake tawi la chini la mwana limekwisha kujilaza lenyewe, bila jiwe, na kuinua kichwa.

"Futeni machozi," akasema. "Hajafa huyu. Amesogea tu."

Hii ndiyo hadithi niliyoipokea, na nimeifikisha kwenu bila kuikata matawi. Aliyeinama si lazima awe ameanguka, na anayetaka kumsaidia mtu amwulize kwanza, asije akamnyanyua pale pale alipokuwa anaota mizizi.