Honi ya Tutafika

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya karibu tu ambayo magoti yangu bado yanaikumbuka, kulikuwa na basi kwenye milima ya Usambara likiitwa Tutafika. Sogeeni. Na wewe mwenye simu, itie mfukoni, maana mwisho nina swali na sitaki uniangalie kama mtu aliyeamshwa.

Tutafika lilikuwa basi la marehemu Mbelwa. Asubuhi lilishuka Mombo, alasiri likapanda. Viti vyake vilituchania nguo na tulilipenda hivyo hivyo. Honi yake ilikuwa na mabomba matatu ya shaba, na yalilia kwa pamoja. Mama yangu hakuwa na saa. Akiisikia honi ile huko chini Kona ya Jiwe, alibandika maji ya ugali, na baba akifika mlangoni chakula ki tayari.

Dereva wake alikuwa Shekiondo. Breki za siku zile, ukizikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi, tairi zinakwama, hazizunguki tena, na basi linateleza linakotaka lenyewe. Usukani unazungusha weee, basi halikusikii. Basi Shekiondo alikanyaga akaachia, akakanyaga akaachia. Sisi watoto tulikaa nyuma yake tunamwimbia: kanyaga, achia, kanyaga, achia.

Na mvua ikinyesha, alisimama juu ya Kona ya Jiwe na kusema, "Jamani, tushuke." Tulishuka wote, viatu mkononi, tukateremka kwa miguu, na basi likaja nyuma yetu tupu, gia ya pili. Hakuna aliyenung'unika. Kina mama waliimba, vijana waliwabebea wasichana mizigo. Mume wangu nilimpata kwenye matope yale, alinibebea ndoo. Nikikumbuka, natamani mvua zile zirudi, na yeye arudi.

Mbelwa alipokaribia kufa, alimwambia mkewe, Bi Sikudhani, "Basi liuze. Honi usiuze. Mpe mtu mmoja, yule atakayewashusha watu salama siku ambayo mlima umekataa." Bi Sikudhani akaifunga kwenye kanga, akaitundika juu ya kitanda chake. Ikakaa kimya miaka kumi na tisa.

Haya. Likaja basi dogo la Singano. Singano alifundishwa udereva na Shekiondo mwenyewe, ila basi lake lilikuwa la kisasa, lenye breki za kompyuta. Fundi wake alikuwa binti mmoja wa pale Mombo, Hedaya, mtoto wa marehemu fundi Kilua aliyekuwa akilitengeneza Tutafika. Siku moja Hedaya akafungua mlango wa dereva, akaona kwenye dashibodi pamebandikwa plasta ya kidonda.

"Kaka Singano, hapa pameumia nini?"

"Ah, kuna taa ya njano hapo. Inawaka wiki ya tatu, inaniudhi macho. Gari linakwenda, breki zinakamata. Iache."

Hedaya akaibandua. Akaingia chini ya gari, akatoka na tope hadi masikioni. "Kila tairi lina sensa," akamwambia. "Sensa inaiambia kompyuta kama tairi linazunguka au limekwama. Ya mbele kushoto imejaa tope na waya wake umekatika, kompyuta haioni tena, breki zako zimerudi kuwa kama za Tutafika. Taa ilikuwa inakwambia hilo, wewe ukaifunga mdomo."

Walibishana hadi chai ikapoa. Singano alitaka kuondoka, abiria wanamngoja. Hedaya akachukua funguo za gari, akaziweka kifuani, na hapo nani angezifuata? Akaunga waya, akasafisha sensa, ile taa ikazimika. Ndipo akamrudishia funguo na kumwambia, "Sasa sikiliza. Siku ukikanyaga breki kwenye utelezi, pedali itatetemeka chini ya mguu wako. Usiogope, ni kompyuta inakanyaga na kuachia kwa niaba yako, mara nyingi kwa sekunde moja. Wewe kanyaga tu, usiachie, na usukani utakusikia."

Singano akaondoka amenuna.

Wiki haikuisha, mvua za vuli zikatukuta njiani. Tulikuwa abiria ishirini na wawili. Bi Sikudhani alikuwemo, akienda kupimwa macho. Shekiondo alikuwemo, mzee sasa, amekaa kiti cha mbele. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo mbili za plamu. Tulipofika juu ya Kona ya Jiwe, Shekiondo akasema, "Singano, mvua hii. Watu washuke."

Singano akapunguza mwendo, akatutazama kwenye kioo. Nani alijibu? Mimi huyu. "Mzee, nishuke na ndoo mbili, ninyeshewe, na gari lina kompyuta? Zama zako zimepita." Basi lote likacheka. Sitasahau jinsi Shekiondo alivyoitazama mikono yake.

Singano hakutushusha. Lakini pale kwenye lile jiwe alifanya kama alivyofundishwa: akaingiza gia ya pili, akapiga kihoni chake chembamba, akaingia kona kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni.

Tukakuta mlima umeporomoka. Udongo na mti mzima vimelala barabarani, pamebaki kijia upande wa bonde, upana wa gari na kiganja. Singano akakanyaga. Tukasikia grr, grr, grr chini ya sakafu. Pedali ikampigapiga mguu kama kitu kilicho hai. Na Shekiondo, mwalimu wake, akapiga kelele, "Achia! Kanyaga, achia!"

Miaka ishirini Singano alikuwa amekanyaga na kuachia kwa amri ya sauti ile. Nilimwona shingo imemsimama mishipa. Hakuachia. Akakata usukani, na gari likamsikia. Mkia ukataka kwenda bondeni. Tairi moja likafungwa breki peke yake na ile kompyuta, wala si mguu wa mtu, na mkia ukarudi. Tukasimama kwenye kile kijia. Plamu zangu zilimwagika zote, zikapita chini ya viti na kutokea mlangoni, nikazisikia zinaanguka bondeni, na sikuzisikia zikifika.

Ijumaa iliyofuata, Bi Sikudhani alituita kwake. Akaifungua ile kanga, akaiweka honi mezani. Shaba ilikuwa imefifia. "Mlima ulikataa," akasema, "na watu walishuka salama. Wosia wa mume wangu umefika. Ni nani?"

Singano akasema, "Mama, ni mimi. Mguu ulikuwa wangu. Mwalimu wangu ananipigia kelele niachie, mwili wote unataka kuachia, nikashikilia. Angekuwa dereva mwingine, leo ungekuwa unasomewa hitima. Nipe honi niifunge kwenye basi, mlima uisikie tena."

Hedaya akasema, "Shikamoo bibi. Mguu wake ulikuwa juu ya nini? Ningeiacha plasta, angekanyaga tairi zikakwama, gari lingenyooka bondeni, ashikilie asishikilie. Na nani alimwambia asiachie? Halafu tazama hili bomba la tatu, hapa lilipounganishwa. Ni mkono wa baba yangu. Hatukubaki na picha yake hata moja. Nikipapasa hapa, nampapasa yeye."

"Lakini siku ile wewe ulikuwa Mombo unakunywa chai," Singano akasema. "Hukukaa kwenye kile kiti."

"Na wewe ulikaa kwenye kiti hicho wiki tatu umeziba taa kwa plasta."

Shekiondo akakohoa. "Nilipiga kelele kwa ujinga, nakiri. Ningetiiwa, tungekufa. Ila mnieleze kitu kimoja, wanangu. Mngeingia kona ile kwa gia ya nne, kompyuta ingewashikia nini? Hedaya?"

Hedaya akainamisha kichwa. "Isingetosha, baba. Ingetaka barabara ndefu zaidi, na barabara haikuwepo."

"Ile gia ya pili ni yangu. Nilimtia mguuni miaka ishirini iliyopita. Na ni mimi peke yangu niliyesema watu washuke." Akaigusa honi. "Honi hii nimeipiga miaka ishirini na saba. Macho yamekwenda, Sikudhani. Masikio bado yapo. Nataka kuisikia mlangoni kwangu kabla nayo hayajakwenda."

Bi Sikudhani akaifuta honi kwa pindo la kanga. Akaiinua, akaipuliza kwa kinywa chake mwenyewe, pumzi ya kikongwe. Likalia bomba moja tu, lile la tatu, kidogo. Lakini nawaambia, nilisikia harufu ya moshi wa kuni za mama yangu. Nikalia mbele za watu, sikuona haya.

Kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Sema wewe nimpe nani."

Nikafungua kinywa, nikakumbuka zile ndoo mbili. Dereva alitusikiliza sisi, na sisi tulikataa kutembea hatua mia mbili ambazo mama zetu walizitembea wakiimba. Kama kuna aliyeuvuruga ule wosia, ni mimi. Nikasema, "Mama, mimi sina ulimi hapa."

Ndiyo maana nawaletea ninyi, mliokuwa hampo na hamkumcheka mtu. Bi Sikudhani bado anangoja, na pumzi zake mnazijua. Honi ni moja, haikatwi. Yupo aliyeshikilia, yupo aliyeunga waya, yupo aliyefundisha mwendo kisha akakosea neno. Je, mkono wenu ungeiweka honi ya Tutafika mikononi mwa nani?