Pimbi Alivyoipata Namba Tisa

Wanangu, mniwie radhi mapema. Hadithi hii nitaiharibu. Nitacheka kabla hamjafika mahali pa kuchekea, na jina la refa nimeshalisahau. Lakini ninyi mmeshakaa, nami nimeshafungua mdomo, kwa hiyo wote tumepatikana.

Basi hapo zamani, zamani ile ya wanyama kuanika nguo kambani na kugombana na majirani, ilikuwepo timu iitwayo Kichaka Nyota. Humo alikuwemo Pimbi, mdogo kiasi kwamba akivaa jezi, miguu haionekani. Misimu mitatu alikuwa amesajiliwa, na misimu mitatu hakugusa mpira ila kuuosha. Kocha wao, Nungunungu, ambaye mipira haimkaribii kwa sababu mnazoweza kuzikisia, alishamwambia bila kuficha: fainali ya Jumamosi ikiisha bila yeye kuingia uwanjani, jina lake linakatwa.

Wala tatizo halikuwa kocha. Tatizo lilikuwa mashabiki. Pale Kichaka, mshambuliaji wa kati alichaguliwa kwenye benchi la kahawa, nje ya geti la uwanja. Upande mmoja alikaa Mzee Tembo, aliyemtaka Nyati. Upande wa pili Mama Kiboko, aliyemtaka Kifaru. Na benchi lile lilikuwa na sheria moja tu: ubishi ukishaanza, anayeinuka wa kwanza ameshindwa. Mzee Tembo aliwahi kukaa siku mbili. Mama Kiboko aliwahi kukosa harusi ya binti yake, na hajutii.

Sheria hiyo Pimbi aliijua vizuri, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwamiminia kahawa.

Jumamosi ikafika. Saa moja kabla ya mechi, Nyati na Kifaru walikuwa wakipasha misuli, kila mmoja kona yake, hawasalimiani. Pimbi akamwendea Nyati, akamnong'oneza kwamba Mzee Tembo anazidiwa huko nje, anaomba aje mara moja tu watu wayaone mabega yake. Akazunguka upande wa pili, akamnong'oneza Kifaru maneno yale yale, ila akamtaja Mama Kiboko. Wote wawili wakatoka mbio, wakakaa. Benchi likalia kwaaa.

Pimbi akagawa vikombe kwa adabu zote, kisha akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee. Samahani, mimi mdogo, mpira siujui. Hivi lile bao la Kifaru la msimu uliopita, alifunga kwa kichwa au kwa pembe?"

Mama Kiboko akaweka kikombe chini taratibu.

"Pembe ni sehemu ya kichwa," akasema.

"Pembe ni silaha," akajibu Mzee Tembo. "Na mpira ulipasuka. Kilichoingia wavuni ni ngozi tupu."

Basi ikawa kazi. Mama Kiboko akawakumbusha watu jinsi Nyati alivyoona kibendera chekundu cha mshika kibendera, akauacha mpira, akamkimbiza yule maskini mpaka ng'ambo ya mto. Mzee Tembo akasema hiyo inaitwa kukaba. Watu wakajaa, wakagawanyika, wengine wakabishana upande ambao si wao kwa sababu upande wao umeshajaa. Pimbi akaweka birika chini, akapenya katikati ya miguu yao, akaenda zake.

Piiii! Filimbi ya refa ikalia.

Nyati akatikisika. "Mzee, mechi inaanza. Niende?"

"Kaa hapo, mwanangu. Ukiinuka tu, tumekwisha."

"Naam, aende wako kwanza," akasema Mama Kiboko, na mkono wake ukatua begani kwa Kifaru kama mfuko wa saruji.

Uwanjani, Kocha Nungunungu alihesabu wachezaji wake, wakawa kumi. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili, kumi. Akageuka, akamkuta Pimbi ameshavaa namba tisa, ameichomekea mpaka kwenye soksi.

"Kocha, mimi nipo."

Kocha akatazama mlangoni. Hakuna mtu. Akashusha pumzi. "Ingia. Usikanyagwe tu."

Kipa wa wapinzani alikuwa Twiga, na kwa mipira ya juu hana mwenzake. Dakika ya mwisho akaona mpira unakuja na nyuma yake hakuna mtu. Akadhani ni upepo. Mpaka kichwa kimalize kuteremka ile shingo yote, mpira ulikuwa umeshapita katikati ya miguu, pyuu, wavuni. Huyo hakuwa upepo, alikuwa Pimbi.

Kelele za uwanja zikafika kijiweni.

"Nani kafunga?" akauliza Mama Kiboko.

"Nyati, nani mwingine," akajibu Mzee Tembo.

Nyati, aliyekuwa amekaa pembeni yake, akainama kuitazama miguu yake, kuhakikisha.

Pimbi alibebwa juu juu siku ile, na jina lake halikukatwa tena. Funzo ni hili, wanangu: waliobishana zaidi kuhusu nani acheze ndio ambao mechi hawakuiona.

Sasa mkitaka kujua alipiga kwa mguu wa kulia au wa kushoto, kawaulizeni wengine. Mimi nilikuwa benchini, nimebanwa kati ya Tembo na Nyati, na hakuna aliyekuwa akibisha kwa sauti kubwa kunishinda.