Buyu Lililokula Kichwa cha Nyegere

Nije nisije?

— Njoo, bibi!

Nikija nina nini?

— Una uongo mtamu!

Niumwage wapi?

— Umwage hapa hapa, tuuokote!

Haya, sogeeni basi. Tunu, toa hicho kidole mdomoni. Na wewe Semkiwa, usikae mlangoni. Hadithi hii ina mzimu, na mzimu ukija hauingii kwa dirisha.

Palikuwa na Bi Kalunguyeye. Mnamjua kalunguyeye? Kadogo, kama embe dodo. Pua ndefu, miiba mgongoni. Ukimgusa anajikunja, kru! anakuwa mpira, na wewe unabaki unanyonya kidole. Watoto wake wote walijua kujikunja, isipokuwa kitinda mimba. Huyo aliitwa Pamba, kwa sababu miiba yake ilikuwa bado laini, na kujikunja kulimshinda. Akiingiza pua, miguu inabaki nje. Akiingiza miguu, pua inabaki nje. Akiingiza vyote, anacheka, anafunguka.

"Pamba, jikunje."

"Nimejikunja, mama."

"Na hiyo miguu ni ya nani?"

"Ya kwangu, mama."

Kwa ajili hiyo Bi Kalunguyeye alikuwa halali akalala kweli. Jicho moja linalala, jicho moja linamwangalia Pamba.

Basi, kikaja kiangazi kibaya. Na kiangazi kikamleta Nyegere. Bibi yangu akisimulia, akifika kwa Nyegere alikuwa anaongelea puani, sisi wote tunaingia chini ya kanga yake. Nyegere ana kucha kama majembe. Nyegere hajui kupiga hodi. Alikuja hivi: kwaru, kwaru, kwaru. Akasimama juu ya shimo la Bi Kalunguyeye.

"Nani humu?"

"Ni mimi, Bwana Nyegere."

"Nyoka nimemla. Nge nimemla. Nyuki nimewala na watoto wao. Wewe ni nani?"

"Mimi ni jirani yako tu, bwana."

"Jirani nimemla jana. Una nini humo ndani?"

"Sina kitu, bwana. Kiangazi hiki unakiona mwenyewe."

Nyegere akashusha pua shimoni. Nfu, nfu, nfu. "Nasikia harufu ya watoto."

"Wana miiba, bwana! Watakuchoma!"

"Wote?"

Bi Kalunguyeye akamsukuma Pamba nyuma. Nyegere akanusa tena, polepole, kama mtu anayenusa wali jikoni kwa wenzake. Nfuuu. "Kuna mmoja hapo ananukia laini laini." Akacheka. "Sasa sikiliza. Jua likishuka narudi. Nikute karamu. Nisipoikuta, nachimba. Na mimi nikichimba sichagui."

Akaenda zake, kwaru, kwaru, kwaru. Bi Kalunguyeye akazunguka shimoni, akazunguka tena. Ahame? Akihama, Nyegere atanusa nyayo. Apike? Ndani mna sega moja tu la asali, na sega moja kwa Nyegere ni kama punje kwa tembo. Akatoka mbio mpaka kwenye mti wa mkole hapo jirani, alikokaa shoga yake Bi Kinyonga.

"Shoga, nimekwisha! Nyegere anarudi jioni kumla Pamba!"

Bi Kinyonga kusikia jina la Nyegere akawa kijivu, akawa njano, akawa na madoadoa. Akasema, "Usinitajie huyo ghafla! Ngoja nipoe." Akapoa kidogo. "Shoga, niliona jambo pale kwenye kiwanja cha shule ya watu. Alikuja mtu na sanduku, akafanya mazingaombwe. Akameza kitambaa, akatoa njiwa. Watoto wakakimbia, mwalimu akawapita watoto."

"Sasa mimi njiwa nitamtoa wapi?"

"Nani kasema njiwa? Nasema tumfanyie Nyegere mazingaombwe ya mzimu. Atishike, aende zake."

"Nyegere anatishika, yule?"

Bi Kinyonga akageuza jicho moja huku, moja kule. "Lazima kuna kitu anakiogopa. Hatujakijua tu. Lakini mchezo uwe mfupi, shoga. Ukirefuka, mtu anaanza kuuliza maswali. Akiuliza maswali, anachungulia nyuma. Akichungulia nyuma, sisi ni kitoweo."

Wakaanza kutengeneza. Wakavingirisha boga kutoka shamba la watu. Bi Kalunguyeye akalitafuna macho mawili na mdomo wenye meno, meno yake mwenyewe yakamuuma. Ndani wakatia vimulimuli, boga likawaka macho. Kisha wakaokota buyu kuukuu la kuchotea maji, lile kubwa la mdomo mpana, watu wamelitupa kwa kuwa limetoboka kitako. Wakaliweka juu ya tundu la nyuma la shimo, kitako kwenye tundu. Ukitia kitu juu, mtu wa chini anakivuta. Ukitazama ndani, hakipo!

Lakini lile tundu la nyuma lilikuwa jembamba. Mtoto wa kwanza akajaribu kupita, akakwama. Wa pili akakwama. Anayepita ni mmoja tu.

"Mimi naenea, mama," akasema Pamba.

Mtoto anayefichwa ili Nyegere asimwone, ndiye akae chini ya pua ya Nyegere? Bi Kalunguyeye akatazama jua. Jua limeshaanza kushuka. Afanyeje, wajukuu zangu?

"Utakaa kimya?"

"Nitakaa kimya."

"Hutacheka?"

Pamba akacheka.

Wakafanya mazoezi. Mazoezi gani yale! Bi Kinyonga ndiye sauti ya mzimu, akisema "Uuuu" anakohoa. Vimulimuli vimechoka, vinawaka, vinazimika. Bi Kalunguyeye anasahau wimbo. Mara wakasikia kwaru, kwaru, kwaru. Hakuna tena mazoezi.

"Karamu iko wapi?" akauliza Nyegere.

"Karibu, bwana mkubwa, kaa hapo," akasema Bi Kalunguyeye. "Kabla ya karamu tuna mchezo. Mchezo mfupi tu. Lakini nakuonya, mahali hapa pana mzimu, nao una hasira."

"Uanze upesi. Nina njaa."

Kichakani giza limeanza kuingia. Bi Kinyonga juu ya mkole akalia, "Uuuuu! Nani amekuja kwanguuu?"

Nyegere akajibu, "Mimi. Nyoka nimemla. Nge nimemla. Nyuki nimewala na watoto wao. Wewe ni nani?"

Mzimu ukashikwa na kikohozi. Kho! Kho! Kho!

"Mzimu una kifua," akasema Nyegere. "Haya, kingine."

Bi Kalunguyeye akavuta majani, wii! Boga likatokea, macho yanawaka, meno nje. Hata yeye aliyelitengeneza akaliogopa. Nyegere akalitazama. Akalisogelea. Akalinusa. Nfu. Kisha akafanya nini? Akaling'ata! Gwa! Akatafuna macho, akatafuna meno, akatafuna shavu. Vimulimuli vinamtoka puani, mwe, mwe, mwe.

"Mzimu gani mtamu hivi?" akasema, anajilamba. "Mwingine uko wapi?"

Jamani! Mkole mzima ukabadilika rangi pale Bi Kinyonga alipokaa. Limebaki buyu tu, na chini ya buyu yumo Pamba. Bi Kalunguyeye akatamani kusema mchezo umekwisha. Lakini mchezo ukiisha, anachimba. Akachukua lile sega la asali, akamwonyesha Nyegere.

"Bwana mkubwa, tazama. Hili ni buyu la kuzimu. Kinachoingia hapa kinaliwa na mzimu."

Akatia sega, akafunika kwa jani, akaimba:

Buyu, buyu, fumba kinywa!
Cha duniani, cha kuzimu!
Ndi, ndi, ndi, fyuu!

Akafunua. Ndani hamna kitu. Nyegere akaacha kujilamba. Kwa mara ya kwanza akaacha kujilamba.

"Asali iko wapi?"

"Imeliwa, bwana."

"Na nani?"

"Na mzimu."

"Asali yangu?"

Hapo Bi Kalunguyeye akaona kitu. Masikio ya Nyegere yamelala. Sauti haikumtisha, macho ya moto hayakumtisha. Lakini mtu mwingine kula chakula chake, hicho kikamtikisa.

"Irudishe!" akanguruma Nyegere. "Irudishe sasa hivi!"

Bi Kalunguyeye akafunika, akaimba:

Buyu, buyu, fumbua kinywa!
Cha kuzimu, cha duniani!
Ndi, ndi, ndi, fyuu!

Akafunua. Sega limerudi. Lakini wajukuu zangu, mtoto ni mtoto. Sega limerudi limelambwa upande mmoja! Bi Kalunguyeye akawahi kulifunika, amechelewa.

"Limelambwa!" Nyegere akaruka. "Ameonja huyu! Ana nini kingine humo chini? Ameficha vya watu wangapi?"

Akaanza kulizunguka buyu. Akisogeza macho mdomoni mwa buyu tu ataona kitako kilichotoboka, na tundu, na pua ya Pamba. Bi Kalunguyeye akajirusha mbele, akataka kuingiza mkono azibe tundu kwa jani. Akakumbuka desturi. Kwao, kama kwetu hapa, mwenye chungu huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni asiwe na shaka na chakula. Akasema, "Ngoja, bwana mkubwa! Mimi ndiye mwenye nyumba. Acha nitangulize mkono nionje, ndiyo adabu."

Lo! Nyegere na kuonjewa? Alipokaribishwa kwa Bibi Panya, Bibi Panya akaonja tonge moja tu, Nyegere akamla na lile tonge mdomoni.

"Unionjee nini? Unipunguzie? Pisha!"

Akamsukuma Bi Kalunguyeye, pu! Akachomeka kichwa chake buyuni. Ikaingia pua, yakaingia macho, yakaingia masikio, mpaka mabegani. Ngwa!

Bi Kinyonga akafumba macho yote mawili.

Kule chini, Pamba akaona mwanga umezimika. Akaona pua inashuka. Nfu, nfu. Pua inashuka. Nfu, nfu. Hapakuwa na nafasi ya kukimbia wala ya kucheka. Pamba akaingiza pua. Akaingiza miguu. Akaingiza vyote. Kru! Akajikunja, akaziba tundu lote, na vile vimiiba laini, vilipobanwa pale, vikasimama vyote. Pua ya Nyegere ikakutana navyo. Chwi!

"Mamaaa!" Nyegere akalia ndani ya buyu. "Nimeng'atwa!"

Akavuta kichwa, hakitoki. Akafumbua macho, haoni. Akapiga kelele, "Naliwa!" kelele zinamrudia mwenyewe: aliwa, aliwa, aliwa!

"Bi Kalunguyeye! Kichwa changu kiko wapi?"

Bi Kalunguyeye akajizoazoa vumbini. Akapumua. Akasema kwa huzuni, "Pole sana, bwana mkubwa. Kimeliwa."

"Kimeliwa! Mbona nasema? Nasema na nini?"

"Kwa mazoea tu, bwana. Hayo yataisha taratibu."

"Na mbona pua inauma?"

"Inatafunwa hiyo."

Nyegere akaanza kulia, kilio cha mtu mzima. "Na midomo je? Nitakula na nini, Bi Kalunguyeye? Nitakula na nini mimi?"

"Wahi, bwana! Mzimu huu haumezi vichwa, hutafuna ukatema, nao hutema ng'ambo ya bonde. Nenda moja kwa moja. Ukifika ukasikia upepo, kipapase kichwa chako huko huko. Lakini usigeuke nyuma!"

"Nigeuke nitazame na nini?" akalia Nyegere, akatimua mbio. Akagonga mkole, ko! Akagonga kisiki, ko! Akaangukia bondeni, gulugulu, gulugulu, akainuka, akaendelea. Buyu lilipasukia wapi, sikuambiwa. Ila tangu hapo nyegere akifika mahali pageni anashika kichwa kwanza.

— Bibi, umeshawahi kumwona?

Nyamaza wewe, nimalizie.

Bi Kalunguyeye akatumbukia shimoni. "Pamba! Pamba mwanangu!" Akamkuta mpira. Mpira mzima, pua ndani, miguu ndani.

"Mama, mchezo umekwisha?" sauti ikatoka ndani ya mpira.

"Umekwisha, mwanangu. Amekwenda."

"Mama."

"Naam."

"Sasa nafungukaje?"

Mama yake akakaa chini, akacheka, akalia, akacheka tena, huku anamviringisha taratibu mapajani mpaka pua ikachomoza.

Basi fundisho lake ni hili, na mlishike. Uongo ni kitu kibaya sana. Bi Kalunguyeye alisema uongo wa mzimu, uongo wa buyu, uongo wa kichwa, na uongo huo ukamletea nini? Ukamletea usingizi wa macho yote mawili, na watoto wake wote, na sega la asali lililolambwa upande mmoja tu. Lakini Nyegere alisema kweli tangu mwanzo. Alisema atakula watoto, na kweli alitaka kuwala. Hakudanganya hata neno. Kwa hiyo, wajukuu zangu, muwe wakweli kama Nyegere.

Hapo ndipo ilipochoka, nami nimechoka nayo. Anayejua ilikokwenda aifuate. Asiyejua, apeleke miguu yake kitandani.