Kuku Walioitikia Salama

Paukwa!

— Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya watu walionusa chungu tu? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wakati kuku walipokuwa wakisema, na watu wakiwasikia, alikuwepo mama mmoja akiitwa Nyamizi. Mumewe aliitwa Kasanda, na mtoto wao mchanga aliitwa Ngasa. Kisima cha kijijini kwao kilikauka, wakaamua kuhamia kwa kaka yake Nyamizi, safari ya siku nne kwa mkokoteni wa maksai. Wakapakia kinu, wakapakia vyungu, wakapakia majembe na mikeka. Mwisho wakapakia kuku.

Kuku walikuwa wanane ndani ya tenga moja. Mmoja Jogoo. Mmoja Kishingo, mtetea mzee asiye na manyoya shingoni. Mmoja Tembe, kijana, hajataga hata yai moja. Wale watano wengine hawakuwa na majina, walikuwa kuku tu. Lakini mjue, watoto, huko waendako hawakuwa na shamba. Mpaka mavuno, mayai ya kuku hao ndiyo mboga, na ndiyo yangebadilishwa kwa chumvi. Nyamizi aliwategemea kuliko alivyomtegemea Kasanda.

— Heee!

Msicheke, hata Kasanda alijua.

Basi kabla ya kuondoka, Nyamizi akainamia tenga. "Kuku wangu, nawaambia mapema. Kuku akijifia ni kibudu, na kibudu hakiliwi, ni hasara tupu. Kwa hiyo atakayelegea njiani nitamwahi kwa kisu. Jioni ni mchuzi."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyofanya mama yake, na mama wa mama yake. Kuku akisinzia mchana, kisu kinanolewa. Nani hapa hajaona?

— Tumeona!

Siku ya kwanza jua likawaka kweli kweli. Mikeka ililifunika tenga pande zote, na ndani mlikuwa na joto la jikoni. Kuku wakaachama midomo, wakahema, mbawa zikaning'inia. Nyamizi akaja akauliza, "Kuku wangu, mko salama?"

Haraka wakafumba midomo. Haraka wakabana mbawa. Wakaitikia, "Salama, mama, salama! Twende, mama, twende!"

Semeni nanyi.

— Salama, mama, salama! Twende, mama, twende!

Wakaenda.

Siku ya pili wakavuka mto. Gurudumu likaingia shimoni, mkokoteni ukalala upande, tenga likazama nusu. Tembe, aliyekuwa chini, akalowa mpaka ngozi. Ng'ambo, Nyamizi akaja akauliza, "Kuku wangu, mko salama?"

— Salama, mama, salama! Twende, mama, twende!

"Tembe, mbona unatetemeka?"

"Nacheza tu, mama."

Jioni akawamwagia mtama. Wakadonoa kwa vishindo, na kila walichodonoa wakakitema chini ya majani waliyotandikiwa, maana hakuna koo lililoweza kumeza. Nyamizi akafurahi. "Unaona, Baba Ngasa? Kuku wangu wameumbiwa safari."

"Naona," akasema Kasanda, ambaye hakutazama.

Siku ya tatu asubuhi Nyamizi akauliza tena. "Kuku wangu, mko salama?"

— Salama, mama, salama! Twende, mama, twende!

Mchana walipopumzisha maksai, akaingiza mkono kwenye tenga kutafuta yai. Akamgusa Tembe. Tembe alikuwa baridi, tena amekauka kama kijiti. Alikuwa amesimama, lakini alisimama kwa sababu kuku wawili walimbana huku na huku asianguke.

— Amekufa?

Amekufa.

"Tangu lini?" akauliza Nyamizi.

"Jana usiku," akasema Jogoo.

"Na leo asubuhi mkaniitikia salama?"

Kisha Kishingo akasogea mbele, akipepesuka. "Ulisema atakayelegea ni mchuzi. Tembe alilegea tangu mtoni, tukamficha. Hata mimi, mama, macho hayaoni vizuri tangu juzi. Sasa nimesema. Lete kisu."

Nyamizi akaketi chini akalia. Alimlilia Tembe. Akalia zaidi alipotazama kibuyu cha maji, kwa sababu kibuyu kile kilikuwa pale pale siku zote tatu, hatua mbili tu kutoka kwenye tenga. Halafu akainuka, akachukua kisu.

— Bibi, asimchinje!

Ngojeni basi! Akachukua kisu, akakata kamba za mikeka, upepo ukaingia. Akampa Kasanda kisu kile. "Kitie chini ya kinu, Baba Ngasa. Sikitaki mpaka tufike."

"Na kitoweo?"

"Utakula mlenda."

Akawafunga kuku kamba miguuni, akawaweka kivulini, akawamiminia maji kwenye kifuu. Walipokwisha kunywa akauliza, "Kuku wangu, mko salama?"

Kuku wakatazamana.

"Hatuko salama!" akasema Jogoo. "Ulimi umenipasuka!"

"Mguu umekufa ganzi!"

"Mimi nimekaliwa tangu juzi!"

Zikawa kelele mpaka Kasanda akaziba masikio. Lakini sasa Nyamizi alijua wa kumsogeza ni nani na wa kumnywesha ni nani. Tangu hapo wakasafiri alfajiri na kupumzika mchana, na kila kituo kuku wakalalamika. Kishingo alipakatwa na Nyamizi njia nzima. Safari ya siku nne ikawa ya siku sita, na Kasanda akanung'unika mpaka walipofika. Tembe walimzika njiani. Wale saba walifika wote.

Basi fundisho ni hili. Ukimtishia anayeumwa, hataacha kuumwa. Ataacha kukwambia. Na hadithi yangu nimeitua hapo, mwenye swali aulize.

— Bibi.

Sema, Kabula.

— Nina mwiba kisiginoni. Tangu juzi. Ulisema atakayekwenda peku kichakani utamchapa.

Nilisema. Ni kweli nilisema.

Sogea hapa kwenye mwanga, mjukuu wangu. Lete mguu.