Kwa Nini Mvinyo Mwekundu Hautulii Mizabibu Ichanuapo

Kulikuwa na wakati ambapo mvinyo wote ulikuwa mweupe, na haukuwa na kumbukumbu. Zabibu nyeusi zilikanyagwa asubuhi na kupelekwa kwenye shinikizo la kukamulia jioni. Maji yake yakaingia pipani, maganda yakatupiwa nguruwe. Mvinyo ulilala humo kama abiria aliyesinzia. Ukinywewa huku au kule, kwake ilikuwa mamoja.

Wale wanaozungusha bilauri na kudai wanasikia harufu ya ngozi ya farasi na msitu baada ya mvua, waacheni wazungushe. Habari yenyewe ilianzia kwenye kilima cha kokoto cha Valsoubre, kusini mwa Ufaransa. Ile nyumba kubwa ya mawe ambayo leo watu hupiga foleni kuiona, enzi hizo ilikuwa vyumba viwili na zizi, na aliyeishi humo ni mjane aitwaye Gersende.

Kilima kilikuwa na mila yake: shinikizo halizungushwi mpaka binti wa nyumba aweke mkono wa kwanza kwenye mpini. Azalais, binti pekee wa Gersende, aliuweka mkono huo tangu angali akibebwa. Kisha akaolewa mbali, pwani, na Bertran, mvuna chumvi. Siku ya kuondoka alimshika mama yake mabega akasema, "Mavuno nitakuja, mama. Msizungushe bila mimi."

Mavuno yakafika. Zabibu zikakanyagwa, zikajaa katika pipa kubwa lililo wazi, maganda yakielea juu. Azalais hakuonekana.

Pons, mkuu wa wakanyagaji, alikuwa mtu wa miguu mipana na maneno mengi. "Mama, tuzungushe," alisema. "Zikilala humu na maganda yake zitageuka siki."

"Atakuja."

"Na asipokuja? Jasho la mwaka mzima tulitie kwenye kachumbari?"

"Alisema nisizungushe. Sizungushi."

Hakuna aliyewahi kuyaacha maganda namna hiyo. Pipa likaanza kuchemka bila moto, likitoa povu na kunguruma. Majirani wakapita wakiwa wameziba pua, wakaulizana kwa sauti ya kusikika kama mjane anapika supu. Gersende alikaa juu ya ngazi, mti mrefu mkononi, akiyasukuma maganda chini kila yalipopanda, na macho yake yakiwa barabarani. Alijua kuwa kila siku anayongoja inaweza kuwa ndiyo inayompokonya mavuno yote. Aliendelea kungoja.

Aliyetokea barabarani alikuwa mchuuzi wa chumvi na punda wake. "Binti yako anakusalimu," alisema. "Amejifungua, na chumvi bado haijaisha kuvunwa. Hawezi kuja. Anasema zungusheni tu."

Gersende aliteremka ngazi taratibu. "Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Anaitwaje?"

Mchuuzi akakuna kichwa. Hakuwa ameuliza.

"Wanaume!" akasema Gersende, akauweka mkono wake mwenyewe kwenye mpini.

Kilichotoka kilikuwa chekundu, kikikaribia weusi. Wakanyagaji wakarudi nyuma. Pons alifanya ishara ya msalaba, kisha, kwa kuwa kiu ni kiu, akaonja. Akanyamaza, jambo ambalo kilima hakikuwa kimelizoea. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Mama, huu una mtu ndani."

Pipa dogo la mvinyo huo likafungwa juu ya punda, likapelekwa pwani. Majira yote ya baridi lilikaa kimya nyumbani kwa Azalais, naye akilitumia kama meza ya kukunjia nepi. Kwenye mashamba ya chumvi hakuoti mzabibu hata mmoja, naye alikuwa ameanza kusahau ni mwezi gani kilimani hufanywa nini.

Kisha joto la kwanza lilipoingia, pipa likaanza kunong'ona. Povu jekundu likapenya pembeni mwa kizibo na kutiririka ubavuni.

"Mvinyo wenu umeharibika," alisema Bertran.

Azalais aliinama akalitegea sikio. Alikaa hivyo mpaka mtoto akaanza kulia, naye hakugeuka. "Haujaharibika," alisema. "Nyumbani mizabibu imechanua."

"Nani kakwambia?"

Bertran akampakata mtoto, akalitazama pipa, akamtazama mkewe. "Hilo halina miguu na linataka kwenda," alisema. "Wewe unayo, na umekaa."

Azalais akamfunga mtoto mgongoni, akaenda. Ua la mzabibu ni kitu kidogo cha kijani ambacho mpita njia hakioni. Yeye alilinusa kabla hajakiona kilima. Alimkuta mama yake akifunga matawi kwenye vigingi.

"Umechelewa mavuno," alisema Gersende, bila kuacha kufunga.

"Najua, mama."

"Mlete basi nimwone."

Azalais alikaa mpaka maua yakapukutika, nayo hayakawii kupukutika. Kisha akarudi pwani, kwa maana kwake palikuwa kule sasa, na wote wawili walilijua hilo. Gersende alimsindikiza mpaka mwisho wa kokoto. Safari hii hakuna aliyeahidi kitu.

Na tangu siku hiyo mvinyo mwekundu hulazwa na maganda yake kabla ya kukamuliwa, ndipo hupata kujua ulikotoka. Na kwa sababu unajua, kila mizabibu inapochanua hutikisika pipani, hata ukiwa umevushwa ng'ambo. Wataalamu husema ni joto la majira tu, na kuhusu joto hawakosei. Watunza mapipa wa Valsoubre huwasikiliza kwa adabu. Halafu hushuka ghalani, hulegeza vizibo kidogo, na kukaa na mapipa mpaka maua yaishe.